Suti kavu ni nzuri, lakini anza na mguu

Miguu yangu ni mipana. Nimekulia Shela ya Malindi, na mpaka darasa la tano viatu nilivijua shuleni na siku ya Idi tu. Siku nyingine zote nilikuwa pekupeku, mchangani, juu ya mawe ya pwani, ndani ya mashua. Vidole vimeachana kama ndizi kwenye chana. Muuza viatu akinipima urefu huniambia namba 43, nami huishia kuvaa 45 kwa sababu ya upana. Naanza na habari hii kwa kuwa nimetumia karibu shilingi laki moja na nusu kwa suti kavu ya kuzamia na vikorokoro vyake, na kilichonitesa kuliko vyote si kitambaa wala zipu. Ni kiatu.

Najua utauliza mtu wa Malindi anataka suti kavu ya nini. Maji yetu huchezea kati ya digrii 25 na 30 mwaka mzima. Kazi yangu ni kuwapeleka wageni chini ya maji kwenye hifadhi ya bahari, ile iliyotangazwa mwaka 1968, na nguo yangu ya kazi ni suti ya mpira ya milimita 3, mikono mifupi, basi. Lakini kusi likishaanza na masika yakashuka, mto Sabaki humwaga tope mpaka bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Wageni hakuna, kazi inalala. Dada yangu ni muuguzi Edinburgh, na mwaka jana aliniita nikakae kwake Mei na Juni. Na yuko mzee mmoja, mgeni wetu wa kila Januari, anayeishi karibu na kijiji cha St Abbs, mashariki ya Uskoti. Kusikia nakuja akanipigia simu: njoo uione na bahari yetu. Bahari yao mwezi wa Mei ni digrii 9. Nilimwambia arudie hiyo namba.

Kwa asiyeijua, suti kavu si ile yetu. Suti ya mpira tuliyoizoea huingiza maji, yakabaki kidogo kati ya mpira na ngozi, mwili ukayapasha moto. Suti kavu haikusudiwi kuingiza hata tone. Shingoni na kwenye vifundo vya mikono kuna mpira mwembamba unaobana ngozi, miguuni imezibwa kabisa, na ndani mnabaki wewe, nguo zako na hewa. Hewa ndiyo blanketi lako. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo kwenye digrii 9 blanketi hilo si anasa.

Dukani nilionyeshwa aina tatu. Ya kwanza ni ya neoprini, mpira ule ule wa suti zetu lakini mnene. Inatia joto yenyewe na inashika mwili vizuri, ila ni nzito, na ikilowa nje hukauka polepole. Nilipoinyanyua niliona kama nimebeba godoro lililonyeshewa. Tena ukishuka, kina kinaiminya na joto lake linapungua. Ya pili ni ya mpira mtupu uliopikwa, laini nje kama tairi la ndani, na hiyo huvaliwa zaidi na wanaozamia maji machafu kwa sababu ni rahisi kuisafisha. Ya tatu wanaiita trilaminati. Ni matabaka matatu yaliyogandishwa pamoja, kitambaa nje, kitambaa ndani, mpira katikati. Ni nyepesi, inakunjika, inakauka upesi. Lakini yenyewe haina joto hata kidogo, ni kama koti la mvua. Joto linatoka kwenye nguo unayovaa ndani, ovaroli zito la manyoya.

Nilichukua ya tatu, na sababu yangu kubwa ilikuwa mzigo wa ndege. Kilo 23 zina mambo yake, na dada alikuwa ameshaniwekea vitu vya mama.

Mpya sikuimudu. Nilinunua iliyotumika, pauni 420, karibu shilingi elfu 70, kwa mtu aliyeweka tangazo. Hapa nijisifu kidogo, kwa sababu niliikagua kama fundi baiskeli anavyokagua tyubu. Chupa ya maji nikaisukuma kwenye kila mkono, mpira wa watoto wa kuchezea nikauziba nao shingo, zipu nikafunga, nikaijaza hewa mpaka ikasimama sebuleni kama mtu mnene. Halafu sponji na maji ya sabuni, pole pole, mshono kwa mshono. Povu likichemka mahali, hapo pana tundu. Nilipata moja dogo kwenye goti, na muuzaji akapunguza pauni 20 kabla sijafungua mdomo. Zipu nayo usiifunge tu ukaridhika. Ikunje taratibu kila inchi chache, utazame kama kuna jino lililong'oka au kitambaa kilichopasuka pembeni. Zipu ikiwa imekufa, bei yote ya suti imekufa nayo, kwa sababu kuibadilisha ni kazi ghali.

Ila kuhusu buti, nilimwamini mdomo.

Suti ilikuja na buti zake, gambuti fupi nyeusi zilizogandishwa moja kwa moja kwenye suruali. Muuzaji akasema namba 43, zitakutosha. Nilizijaribu na soksi nyembamba, zikaingia, nikalipa. Kosa langu, nilitakiwa kwenda na zile soksi nene za sufu nitakazozamia nazo. Siku ya kwanza bwawani, kwa mwalimu, nilizivaa na soksi nene na vidole vikakunjamana mle ndani kama dagaa kwenye pakacha. Bwawa lilikuwa na joto, nikavumilia. Baharini havikuvumilika. Baada ya dakika 20 sikuwa najua kama nina miguu. Watu hudhani buti ikibana inatia joto zaidi, kumbe kinyume chake: damu haipiti, na hewa ya kukupasha moto haina pa kukaa. Nilipopanda ngazi ya mashua nililazimika kutazama chini nione kama nimekanyaga.

Mzee akanihurumia, akaniazima suti yake ya akiba. Gambuti namba 46. Nikaona raha, vidole vikapumua. Sasa sikiliza yaliyonipata.

Hewa hutafuta juu. Ndani ya suti kavu inahama nawe: ukisimama iko mabegani, ukilala imetandaa mgongoni. Mimi nina tabia ya kazi. Huku kwetu nikitaka kumwonyesha mgeni kamba aliyejificha chini ya bonge la tumbawe, nainamisha kichwa, miguu inabaki juu, napiga tochi. Nikafanya hivyo hivyo St Abbs, mita 6 hivi, chini ya jiwe. Hewa yote ikakimbilia miguuni. Zile gambuti kubwa zikavimba kama maputo, kisigino kikachomoka, mguu ukapanda ndani ya buti mpaka kwenye shingo yake, na pezi la kuogelea la mguu wa kulia likabaki linaning'inia. Valvu ya kutolea hewa iko juu ya mkono wa kushoto, na inafanya kazi ikiwa ndiyo sehemu iliyo juu kuliko zote. Kwangu ilikuwa chini. Nikaanza kupaa miguu mbele, kichwa chini, kama kuku anayetolewa sokoni.

Dawa yake nilikuwa nimefundishwa bwawani, na namshukuru Mungu sikuipuuza: kunja magoti kifuani, jiviringishe kwa nguvu, simama wima, nyanyua kiwiko cha kushoto, huku ukitoa pumzi. Nilijiviringisha mara mbili, ya kwanza haikutosha kwa sababu nilikuwa na pezi moja. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu. Mzee alikuwa ameshanishika mkanda. Juu ya maji hakunicheka, lakini jioni aliwasimulia wenzake na wao wakacheka kwa niaba yake. Kwa hiyo kama kuna kijana wa pwani anayesoma hapa na ana safari ya maji baridi, suti hii usiivae bila kupewa mafunzo yake, hata ukiwa na mbizi elfu mbili za Malindi. Mimi nilikuwa nazo zaidi ya hizo.

Mapema juma lililofuata nilipeleka suti yangu kwa fundi. Akakata zile gambuti, akagandisha mahali pake soksi za neoprini zisizopitisha maji, akanirudishia baada ya siku nne. Pauni 110. Kisha nikanunua buti za kuvalia juu, za kamba, pauni 70. Ukiziona utadhani za askari wa porini: kitambaa kigumu, soli nene ya mpira yenye meno, kisigino cha kuzuia mkanda wa pezi usiteleze, kamba mpaka juu ya kifundo. Na hapo ndipo mguu wangu wa Shela ulipopata haki yake. Kamba za mbele, kwenye vidole, nazilegeza mpaka basi. Za kwenye kifundo nazikaza. Mguu una nafasi ya kujitanua, lakini kisigino hakitoki na hewa haipati mfuko wa kujazana. Gambuti ya kugandishwa haina namna hiyo. Umbo lake ni la mguu wa mtu wa kiwandani, ukiwa na mguu mwingine shauri yako.

Siziuzi buti hizi, nazo zina kero zake. Kuzivaa ni kazi. Wenzako wenye gambuti wameshakaa kwenye mashua, wewe bado umeinama unafunga kamba na tumbo limebanwa na suti. Ukirudi, vidole vimeganda, fundo limelowa, halifunguki. Nilijifunza kufunga fundo la kuvuta mara moja, lile la kufungia mashua gatini. Ncha za kamba zichomeke ndani, la sivyo zitanasa kwenye ngazi. Kubwa kuliko hayo ni mchanga. Kijiwe kimoja kikiingia kati ya buti na soksi, kila ukipiga pezi kinasaga, na siku moja soksi inatoboka. Kila nikitoka majini navua buti, nazisuuza, nazigonga moja kwa nyingine kama mtu anayeingia msikitini kutoka kwenye matope. Lakini buti ya juu ikichakaa nanunua nyingine kwa pauni 70. Gambuti ya kugandishwa ikitoboka, suti nzima inakwenda kwa fundi.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza mapema ni mapezi. Nilibeba yangu kutoka nyumbani, mazuri, ya kuvaa na mguu mtupu. Hayakuingia hata kidole cha buti. Mapezi ya suti kavu lazima yawe ya wazi kisigino, na mfuko wake wa mguu uwe mpana. Niliishia kwenye Jet Fin ya Scubapro, pezi la mpira mzito ambalo limekuwa sokoni tangu mwaka 1965, saizi kubwa kabisa, mkanda wa springi badala ya wa bizimu. Ni zito, na uzito huo unasaidia kuiweka miguu chini. Baada ya yale ya kuku, nilipenda kitu chochote kinachoweka miguu chini. Mzee alitaka nifunge na vizito vya risasi vifundoni, nikakataa. Kiunoni tayari nilikuwa na kilo 12, na huku Malindi nabeba 4. Nenda dukani na buti zako mkononi, na soksi zake, jaribu pezi ukiwa umevaa vyote. Nilipoteza safari mbili za basi kwa kutofanya hivyo.

Mengine nitapita haraka. Mpira wa shingoni wangu ni wa lateksi. Mara ya kwanza unahisi unanyongwa na mtu mwenye huruma. Ukibana sana hukatwa mzunguko mdogo mdogo kwa mkasi mkali, lakini uache kabla hujaridhika, kwa sababu hakuna kurudisha. Lateksi ina maadui wawili, jua na mafuta, na mimi ni mtu wa kujipaka mafuta ya nazi kila nikioga. Dada alinisikia nikinung'unika asubuhi ya kwanza, ngozi imenikauka kama papa wa ng'onda na siruhusiwi kujipaka. Pauda ya kusaidia kichwa kupita nayo iwe isiyo na manukato. Ile ya mama niliyoichukua nyumbani, yenye harufu ya waridi, nilikatazwa. Zipu yangu iko mgongoni, begani mpaka bega, kwa hiyo lazima mwenzio akufungie. Za mbele, za kukata kifua mshazari, unajifungia mwenyewe, lakini bei inapanda. Siku moja mwenzangu aliacha sentimita mbili bila kufunga. Sentimita mbili zilitosha kunilowesha mpaka kiunoni, na kwa digrii 9 nilisema maneno ambayo dada hajui kuwa nayajua.

Ukishuka, hewa ya ndani inabanwa. Mita 10 tu na imebaki nusu. Usipoongeza kidogo kwa ile valvu ya kifuani, kitambaa kinakufinya. Nilitoka mara moja na michirizi myekundu mapajani kana kwamba nimechapwa kwa fito. Na haja ndogo, jamani. Suti ya mpira ina siri zake na sote tunazijua. Suti kavu haisamehe. Kunywa chai baadaye.

Baada ya buti mpya nilizamia mara 11 zaidi. Mbizi ambayo sitaisahau ni ya Cathedral Rock, unaingia kutoka ufukweni tu, unapita chini ya tao la mwamba. Mawe yamevaa matumbawe laini, meupe na ya rangi ya machungwa, wenyeji wanayaita vidole vya maiti, na ukiyatazama huwezi kuyapa jina jingine. Kwenye pango nilimkuta samaki mwenye sura ya mzee aliyekasirishwa na wajukuu, meno nje, kijivu, haendi popote. Dakika 46. Nilitoka na soksi kavu. Niliivua buti mbele ya mzee nikamwonyesha soksi, nikazipangusa usoni. Alifikiri ni mila yetu.

Nyumbani nilirudi nayo yote. Nikaitundika chumbani, miguu juu, ikauke. Mama akapita na ndoo, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, huyu nani umemning'iniza?"

"Si mtu mama, ni nguo."

"Nguo yenye miguu?"

Mchana akaja na shangazi aone. Wenzangu kazini nao waliniomba niwavalie. Nilifanya hivyo Januari, kaskazi imetulia, maji digrii 28, juu ya mashua. Sikufika hata majini. Nilivuja jasho mpaka likawa linachuruzika kwenye soksi zile zile nilizojisifia kuwa kavu, na nahodha akanimwagia ndoo ya maji ya bahari kichwani kunipoza. Kwa hiyo tusidanganyane, kwa Malindi suti hii haina kazi. Suti ya milimita 3 na viatu vyepesi vya mpira vinatosha, na siku nyingine hata hivyo ni vingi. Tena joto letu linaila lateksi. Miezi minne tu na ya mkono wa kushoto ilianza kunata kama ulimbo. Sasa iko kwenye sanduku chini ya kitanda, mbali na jua, imepigwa pauda, na zipu yake ya shaba nimeiacha wazi baada ya kuipaka nta ya nyuki. Nta hiyo ndiyo kitu pekee katika orodha nzima nilichonunua kwa bei nafuu huku.

Buti hazikulala sandukuni. Ami yangu ni mvuvi wa pweza upande wa Mayungu, nje ya hifadhi, na maji yakikauka siku za bamvua hutembea mwambani kwa muda wa saa tatu, nne. Miaka yote amevaa raba kuukuu zilizotoboka, na miiba ile myeusi mirefu ameichomoa miguuni mwake mara zisizohesabika. Alizitazama buti zangu, akazigeuza, akabonyeza soli kwa kidole gumba. Mguu wake ni kama wangu, tumeurithi pahala pamoja.

"Hizi za barafu?" akauliza.

"Za barafu, ami."

"Barafu iko wapi hapa?"

Tangu Februari ziko kwake. Juzi nilimkuta amezianika juu ya paa la banda, kamba moja imekatika na ameiunga kwa mshipi wa kuvulia, fundo zuri kuliko langu. Nikamwambia Mei nasafiri tena, nitazihitaji. Akasema nitazipata, bamvua likipita.